Fundi anataka kupiga Windows, na hesabu za kikundi zimo ndani

Kaka, habari za kazi.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Morogoro. Wengi wetu ni akina mama wa sokoni, na walimu wachache. Kwa miaka mitatu hesabu zetu zote nimezitunza kwenye Excel: hisa za kila mmoja, mikopo, marejesho, faini na mfuko wa jamii. Kompyuta ni yangu mwenyewe, ya mtumba, na betri yake ilishakufa, kwa hiyo inafanya kazi ikiwa kwenye umeme tu.

Jumapili usiku nilipokuwa naizima ikaniambia inasasisha Windows, nisiizime. Ikiwa katikati, umeme ukakatika. Tangu hapo nikiwasha inazungusha vidoti, inaandika "Preparing Automatic Repair", inakaa weee, halafu inaleta skrini ya bluu yenye maneno "Your PC did not start correctly". Nikibonyeza Restart inarudi palepale. Haijaanguka wala kumwagikiwa na maji, na haitoi mlio wowote wa ajabu.

Nilimpelekea fundi wa mtaani. Aliitazama kidogo tu akasema dawa yake ni kupiga Windows upya. Nikamuuliza, na mafaili je? Akasema vya kwenye desktop vitaondoka, vingine labda vitabaki. Faili la kikundi liko hapohapo kwenye desktop. Nikaibeba kompyuta yangu nikarudi nayo nyumbani. Mdogo wangu naye anasema nichague "Reset this PC" kisha "Keep my files", kwa sababu imeandikwa kabisa kwamba mafaili yatabaki.

Mgawo wetu wa fedha za kikundi ni wiki ya pili ya Desemba. Nakala niliyonayo kwenye flashi ni ya mwezi wa sita. Sijamwambia mwenyekiti wala mtu mwingine yeyote. Naogopa watasema nimekula hela nasingizia kompyuta, unajua maneno ya watu. Usingizi sipati. Nimpe fundi, nimsikilize mdogo wangu, au kuna njia nyingine? Nieleze kama unavyomweleza mtu ambaye kompyuta anaijulia Excel tu.

Mweka hazina, Morogoro

*

Dada yangu, pole sana. Uamuzi wa kuibeba kompyuta na kurudi nayo nyumbani ndio umeliweka faili lako salama mpaka sasa, na mengi nitakayokuambia hapa yanawezekana kwa sababu ya uamuzi huo.

Kwa dalili ulizonieleza, faili lipo. Kilichoharibika ni Windows, yaani zile programu zinazoiamsha kompyuta na kukufikisha kwenye desktop. Kazi zako zimekaa kwenye sehemu nyingine ya diski hiyohiyo, na usasishaji uliokatika hauna kazi nazo. Kitasa cha mlango kikigoma, vyombo vya ndani havijaibiwa. Tunachotafuta ni dirisha la kuvitolea. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ililiona jambo hili: faili moja bovu la programu ya ulinzi ya CrowdStrike lilizikwamisha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwenye skrini ya bluu, shughuli za baadhi ya viwanja vya ndege na hospitali zikakwama. Kazi za watu zilizokuwamo kwenye kompyuta zile hazikufutika. Faili bovu lilipoondolewa, zikawaka na kila kitu kikawa mahali pake.

Kwa hiyo hatari iliyobaki ni mkono wenye haraka ya kutengeneza. Fundi wako si mwongo, kupiga Windows upya kutaifanya kompyuta iwake. Ila namna inavyofanywa mara nyingi ni kuifomati diski kwanza, yaani kuifuta yote. Kama ndani kuna diski ya kizamani inayozunguka, baada ya fomati ya haraka bado tunaweza kuokoteza mafaili kwa programu kama PhotoRec au Recuva, japo mengine yatatoka bila majina na mengine yamekatika. Kama ni SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, hali ni mbaya zaidi. Windows ikiifomati huiarifu kwamba nafasi yote sasa ni tupu, nayo SSD hujisafisha yenyewe kimyakimya. Hapo hata fundi bingwa mara nyingi hana cha kuokota.

Mdogo wako naye hajakosea kusoma. "Keep my files" imekusudiwa kubakiza mafaili yako na kuondoa programu, na Excel yenyewe ingeondoka, ungehitaji kuiweka upya. Lakini kazi ile inachukua muda mrefu na inaandika upya sehemu kubwa ya mfumo, kwenye kompyuta isiyo na betri, katika nyumba ambayo umeme umekatika wiki hiihii. Ukikatika tena katikati, utakuwa na tatizo kubwa kuliko la sasa. Njia hiyo iache kwanza. Itafaa siku ambayo faili limeshatoka na lipo mahali pengine.

Kabla hujaigusa kompyuta, chukua simu. Ingia kwenye OneDrive, ghala la mafaili la Microsoft mtandaoni, kwa baruapepe uliyotumia kufungulia akaunti ya Microsoft kwenye kompyuta hiyo. Watu wengi wana OneDrive inayonakili desktop yao bila wao kujua, kwa sababu waliikubali siku ya kwanza walipowasha mashine. Ukilikuta faili la kikundi humo, lipakue, lifungue, angalia tarehe ya ingizo la mwisho. Kisha nenda WhatsApp, kwenye mazungumzo yako na mwenyekiti na katibu, ufungue sehemu ya nyaraka zilizotumwa. Huenda mwezi wa tisa ulimtumia mtu hesabu ukasahau. Na kwenye baruapepe angalia zilizotumwa, si zilizoingia tu. Nakala ya Septemba au Oktoba ingekupunguzia mzigo hata kama mengine yote yangeshindikana.

Sasa kompyuta. Tafuta mahali penye umeme wa uhakika, ofisini kwenye jenereta au kwa mtu mwenye UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika. Uwe na flashi nyingine, si ile yenye nakala ya mwezi wa sita. Ile iweke kando isiguswe. Chomeka flashi tupu kabla ya kuwasha.

Ikifika kwenye skrini ya bluu, usibonyeze Restart. Bonyeza Advanced options, kisha Troubleshoot, kisha Advanced options tena, halafu Command Prompt. Inaweza kukuuliza nywila ya akaunti yako. Inaweza pia kukuomba namba ndefu ya tarakimu 48. Ikiomba hiyo usishtuke, maana yake ni kwamba diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kulinda mafaili, na namba hiyo kwa kawaida imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiandaa kompyuta. Kwenye simu andika aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa baruapepe hiyo, utaiona. Kwa kuwa kompyuta yako ni ya mtumba, kuna uwezekano akaunti ikawa ya mmiliki wa kwanza. Ikiwa hivyo, mtafute aliyekuuzia mapema, kwa sababu bila namba hiyo hakuna njia yoyote kati ya nitakazozitaja itakayokupa kitu.

Ukishaingia utaona dirisha jeusi lenye maandishi meupe. Andika neno moja tu, notepad, ubonyeze Enter. Itafunguka ile Notepad ya kawaida ya kuandikia. Tunaihitaji kwa sababu ya kidirisha chake cha kufungulia mafaili. Nenda File, kisha Open. Chini kulia pameandikwa Text Documents. Badilisha iwe All Files, la sivyo utadhani desktop yako ni tupu na moyo utakuenda mbio bure. Upande wa kushoto bonyeza This PC. Utaona diski kadhaa. Yenye herufi X si yako, ni ya muda, ya zana za matengenezo. Diski yako ya C huenda imepewa herufi nyingine, D au E, kwa hiyo usiangalie herufi, fungua kila moja mpaka uione yenye folda la Users. Ndani ya Users kuna folda la jina lako, na ndani yake Desktop. Kama OneDrive ilikuwa ikifanya kazi, desktop yako halisi imo ndani ya folda la OneDrive, kwa hiyo ukikuta Desktop ya kwanza haina kitu, ingia huko.

Ukiliona faili, usilifungue. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, chagua Copy. Rudi This PC, fungua flashi, bonyeza kulia mahali patupu, chagua Paste. Hakutatokea mstari wa kijani wa kuonyesha kazi inavyokwenda. Dirisha litaonekana limeganda. Liache. Likirudi kuitika, faili limeshafika. Anza na faili la kikundi peke yake. Baada ya hapo ndipo unakili folda zima la Desktop, kisha Documents, kisha picha.

Kuna jambo dogo linalowatesa watu wa Excel. Ukikuta faili ambalo jina lake linaanza na alama za ~$ likifuatiwa na jina la faili lako, hilo si hesabu zako. Ni alama tu ambayo Excel huiweka faili linapokuwa wazi, halina hesabu yoyote ndani yake. Faili lako ni lile lenye jina kamili na ukubwa wa kueleweka. Nimeona watu wakibeba lile lenye ~$ peke yake, wanafika nyumbani, halifunguki, wanalia.

Ukishanakili, zima kompyuta, peleka flashi kwenye mashine nyingine na ufungue faili. Usiridhike na kuliona jina lake. Nenda karatasi moja baada ya nyingine, tazama marejesho ya mwezi huu, tazama jumla ya hisa. Likikataa kufunguka, kwenye dirisha la Open la Excel kuna kimshale pembeni ya kitufe cha Open. Ndani yake kuna "Open and Repair". Kabla ya kukijaribu, tengeneza nakala ya pili ya faili hilo, ukarabati ufanyike kwenye nakala.

Ikitokea Command Prompt haifunguki, au kompyuta haifiki hata kwenye skrini ya bluu, njia ya pili ni kuiwasha kwa Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kutoka kwenye flashi, bila kuiweka ndani ya kompyuta. Hapa utahitaji mtu anayejua kidogo, lakini si lazima awe fundi, hata kijana wa chuo anaweza. Kwenye kompyuta nyingine anapakua Linux Mint, kama GB 3 hivi, anaiandika kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Flashi hiyo itafutwa yote, kwa hiyo isiwe yenye kitu. Kisha anawasha kompyuta yako huku akigonga kitufe cha kuchagua pa kuanzia: kwenye nyingi za Dell na Lenovo ni F12, HP ni Esc kisha F9, Asus nyingi ni Esc. Mint ikiwaka, itakuonyesha diski yako kama folda la kawaida, mnanakili mnaondoka. Kwenye skrini yake kuna alama iliyoandikwa "Install Linux Mint". Mwambie kijana wako mapema kabisa, hiyo asiibonyeze kwa sababu yoyote. Na ikisema diski inasomeka tu, haiandikiki, ni sawa na ni vizuri. Sisi tunasoma.

Njia ya tatu ni kuitoa diski na kuichomeka kwenye kompyuta nyingine kwa kasha la USB. Kompyuta za zamani kidogo zina diski bapa ya inchi 2.5, na waya wake maduka ya vifaa vya kompyuta wanao. Za karibuni zina kijibao chembamba cha M.2, upana milimita 22 na urefu mara nyingi milimita 80, na kasha lake ni tofauti, kwa hiyo fungua kwanza ndipo ukanunue. Ukichomeka, Windows ya kompyuta ile nyingine inaweza kusema huna ruhusa ya kufungua folda. Bonyeza Continue usubiri. Lakini ikikuambia "You need to format the disk before you can use it", bonyeza Cancel na uache hapo. Maneno hayo yamewapotezea watu kazi zao, kwa sababu yameandikwa kama amri na mtu aliyechoka huyatii.

Umesema haitoi mlio, nami nimekuamini, ndiyo maana nakuruhusu uwashe. Siku yoyote ukisikia tak, tak, tak kutoka kwenye diski, au kunakili faili dogo kukachukua nusu saa, zima. Hapo ni diski yenyewe inakufa, na kila dakika inapozunguka inajikwaruza zaidi. Usikubali ukaguzi wa chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, kwenye diski ya namna hiyo, kwa sababu unaifanyisha kazi nzito na kuandika juu yake ikiwa mahututi. Usikubali pia mtu aifungue diski mezani wala kuiweka kwenye friji, ushauri wa friji bado unazunguka na unaleta unyevu tu. Fundi anayejua atainakili diski nzima kwenda nyingine kwa zana kama ddrescue, kisha afanye uokoaji kwenye nakala. Mwulize swali hilo moja, "utanakili diski kwanza?", jibu lake litakuambia kama umwachie au uendelee na safari.

Maana ukishindwa mwenyewe, fundi si adui. Mpelekee ukiwa na maneno mawili yaliyo wazi: atoe mafaili kwanza, na asipige Windows mpaka ulifungue faili kwenye kompyuta nyingine mbele yake. Bei ya kazi hizo mbili mpatane tofauti. Na kaa hapo. Faili lako lina majina ya watu, namba zao za simu na nani anadaiwa kiasi gani. Hiyo ni siri ya kikundi, na tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usiliache dukani usiku kucha na kompyuta isiyo na nywila.

Sasa dada yangu, hili la mwenyekiti. Mwambie leo. Usisubiri faili lipatikane. Najua unavyoogopa, na hofu yako ina msingi, vikundi vimevunjika kwa mambo madogo kuliko haya. Lakini fikiria wanavyolisikia. Mweka hazina anayesema wiki kadhaa kabla ya mgawo, "kompyuta imegoma, ninazo hesabu za mpaka Juni, na hivi ndivyo ninavyotafuta zilizobaki", anasikika kama mtu anayelinda mali ya watu. Maneno hayohayo siku ya mgawo yanasikika kama utetezi. Nenda kwake na katibu akiwepo, ubebe kompyuta yenyewe, uiwashe waone kwa macho yao inavyozunguka na kurudi palepale.

Na msiache kila kitu kikategemea diski. Kuanzia kesho, wewe na katibu anzeni kujenga upya Julai mpaka sasa kwenye karatasi. Hisa zimo kwenye vitabu vya wanachama, kila mmoja na chake. Mikopo ina fomu na wadhamini. Marejesho yaliyopita kwenye simu yana ujumbe wa miamala, na taarifa kamili ya miamala unaweza kuiomba kwa kampuni ya simu. Kama katibu anaandika mihtasari ya vikao, faini na mfuko wa jamii vimo humo. Ni kazi ya jioni kadhaa na inachosha, lakini ukimaliza utakuwa na hesabu ambayo kila mwanachama anaweza kuikagua kwa kitabu chake mkononi. Faili likipatikana, mtalinganisha. Tarakimu zikikutana, hakuna wa kukunyooshea kidole. Zisipokutana, mtajua ni mwezi gani na ni nani, mtayamaliza kikaoni.

Faili likishatoka, liweke sehemu tatu siku hiyohiyo: kwenye flashi, kwenye kompyuta ya mtu mwingine wa kamati, na kwenye OneDrive au Google Drive kupitia simu yako. Tangu hapo, kila baada ya kikao, kabla watu hawajatawanyika, mtumie katibu faili la siku hiyo kwenye WhatsApp, na tarehe iwe ndani ya jina lake.

Kompyuta sasa ndiyo irudi kwa fundi. Mwombe kabla ya kupiga Windows ajaribu "Uninstall Updates" palepale kwenye Advanced options, aondoe sasisho la mwisho. Kwa kuwa lilikatika katikati, huenda ikawaka bila kupigwa chochote. Anunue na betri, hata ya kudumu nusu saa inatosha kuivusha umeme ukikatika. Na flashi ile yenye faili lililookolewa usiifute wala usimwazime mtu, mpaka mgawo upite na kila mwanachama asaini.

Niandikie ukikwama hatua yoyote, unitajie maneno yaliyoandikwa kwenye skrini kama yalivyo.